Taa ya Vifaranga na Waya Niliousokota

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipanda kwenye dari la chumba cha mashine ya kusaga ya Mzee Safari, pale Dongobesh, nikaunganisha waya mmoja kwa kuusokota kwa vidole. Nikauzungushia tepu nyeusi mara saba, kwa sababu mara sita zilionekana chache. Kisha nikamalizia kwa uzi mweupe niliouomba kwa fundi cherehani, nikaufunga fundo dogo zuri. Nilishuka ngazi nimeridhika kabisa. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii, na ilinichukua miaka saba kujua kwamba ni kosa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa kufungua redio na sabufa za watu, mnaojifunza kwenye simu kama mimi nilivyojifunza, bila mwalimu wa kuwapiga kofi mnapokosea. Mwezi uliopita nimefunga meza yangu ya kutengeneza redio. Nina miaka thelathini na moja. Mnaruhusiwa kucheka, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hajawahi kumwona mstaafu ambaye bado anakuja kwake kula mchana.

Sababu ya kustaafu nitaifikia. Kwanza niwaambie mimi ni mtu wa namna gani, msije mkadhani haya yaliandikwa na mtu mtulivu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifungua sabufa, skrubu zake nazipanga kwenye viberiti vitupu kwa mpangilio zilivyotoka, na kila kiberiti nakiandika. Nikilehemu sehemu moja, naitazama kwa lenzi, naifuta, nalehemu tena. Kuna kapasita moja ya redio ya mwalimu wa Bashay niliilehemu mara tisa, mpaka ule mstari wa shaba kwenye bodi ukabanduka, ikabidi nitafute waya wa kuruka juu ya pengo hilo. Redio ilikuwa imekuja na tatizo moja, ikaondoka na matatu. Yule mwalimu alikuwa amenishukuru kwa kuniletea vitunguu saumu, na niliona aibu kila nilipovimenya.

Tena nilikuwa na ugonjwa wa kupiga simu. Nikishamkabidhi mtu redio yake, asubuhi ya pili nampigia: bado inalia? Siku ya tatu: bado inalia? Mama mmoja aliniambia, "Fundi, redio inalia vizuri. Wewe ndiye hujaacha kulia."

Mama huyo anaitwa Mama Paulina, na ndiye mwalimu wangu mkubwa katika kazi ya umeme, ingawa maisha yake yote hajawahi kushika bisibisi. Yeye anafuga kuku. Mtamwona tena.

Sasa niwape kitu cha kushika mkononi. Chombo kikiletwa kimepigwa na umeme mkubwa, msikimbilie kukiwasha ili kuona. Kila mwenye chombo anataka uwashe mbele yake, kana kwamba hakuamini macho yake nyumbani. Msiwashe. Kwanza nuseni. Transfoma iliyoungua inanuka kama varnishi na sukari iliyoungua; kapasita iliyopasuka inanuka kama samaki aliyesahauliwa. Pili, tazameni fyuzi. Fyuzi ya kioo iliyokatika tu, kioo kikabaki cheupe, ilikufa taratibu, na huenda ndani kuna uzima. Fyuzi ambayo kioo chake kimekuwa cheusi kama chungu ilikufa kwa kishindo, na msiweke nyingine mpaka mjue iliyeyushwa na nini. Tatu, karibu na pale umeme unapoingia, vyombo vingi vina kidude cha mviringo, cha bluu, chembamba kama kifungo cha shati. Kinaitwa varista. Kazi yake ni kufa kabla ya wengine. Mkikikuta kimepasuka katikati, msikilaumu; kwa kawaida ndicho kilichookoa vilivyobaki.

Juu ya fyuzi nina kisa. Siku moja alikuja mfugaji wa kutoka upande wa Mogitu, kule Hanang, anaitwa Gidabuhay. Sabufa ameifunga ndani ya shuka lake, ameibeba kama ndama aliyezaliwa njiani. Nikaifungua. Mahali pa fyuzi palikuwa na msumari.

Nikamwuliza, "Nani aliweka huu?"

"Mimi," akasema, bila aibu. "Ile ya kioo ilikuwa inakufa kila siku. Huu haufi."

"Ni kweli, huu haujafa. Ila vingine vyote vilivyomo humu vimekufa."

Akautazama msumari. "Basi huu ndiyo mzima peke yake," akasema. "Nirudishie, nitapigilia mlango."

Nilimrudishia. Mpaka leo tukikutana mnadani Katesh ananiambia mlango bado unafungika vizuri. Nacheka naye, lakini ndani ya moyo najua sina haki ya kumcheka. Yeye aliweka msumari kwenye redio yake mwenyewe. Mimi niliweka wangu juu ya dari la watu wengine.

Kifaa kilichoniokoa mara nyingi kuliko mita ni taa ya kawaida, ile ya zamani yenye nyuzi ndani, inayotoa joto. Unaitia kwenye waya kabla ya chombo, ili umeme upite kwenye taa kwanza ndipo ufike kwenye chombo. Mafundi tunaiita taa ya mfululizo. Ukiwasha, taa ikamulika kidogo kisha ikafifia, chombo kina nafuu. Taa ikiwaka yote na ikabaki hivyo, ndani kuna mahali umeme unapita bila kizuizi, zima. Hasira yote inaishia kwenye taa, na kile ulichokitengeneza hakiungui tena. Kabla sijaijua taa hiyo niliunguza mbele ya wenyewe amplifaya mbili, moja ikiwa na moshi uliotoka hadi barabarani, watu wa basi dogo la Mbulu wakasimama kutazama.

Tatizo ni kwamba taa hizo siku hizi hazipatikani madukani. Zimejaa hizi nyeupe zisizotoa joto, na hazifai kwa kazi hiyo. Kwetu huku kwenye baridi, wanaozitunza bado ni watu wa aina moja tu: wanaolea vifaranga. Taa isiyotoa joto haimsaidii kifaranga. Kwa hiyo kila taa yangu ilipokufa, nilikuwa naenda kwa Mama Paulina.

Sasa nirudi kwenye dari.

Nyuma ya mashine ya kusaga ya Mzee Safari kuna nyumba za kupanga alizozijenga kwa mstari mmoja. Mashine yake ina umeme wa waya tatu kubwa, na Mzee aliamua kugawa umeme huo kwa wapangaji: wengine kwenye waya wa kwanza, wengine wa pili, wengine wa tatu. Umeme wa zote tatu unarudia kwenye waya mmoja wa nne. Huo wa kurudia tunauita nyutro. Fundi aliyekuwa anafanya kazi hiyo aliondoka kabla ya kumaliza, na Mzee Safari akaniona napita. Nilikuwa nimeshatengeneza redio mbili kijijini, basi nikahesabika fundi umeme. Akaniambia umebaki waya mmoja tu. Sikumwambia kwamba sijui kazi ya nyumba. Nilipanda, nikasokota. Huo uliobaki ulikuwa ndio wa kurudia.

Kwa nini ni jambo kubwa? Nitaeleza kwa lugha ninayoitumia kwa wateja. Ule waya wa nne ukiwa imara, kila nyumba inapata umeme wake na hakuna anayemsumbua mwenzake. Ukilegea, nyumba zinaanza kuvutana. Mwenye kazi nzito kwenye waya wa kwanza akivuta, kwake umeme unapungua, na kwa wenzake wa waya wa pili na wa tatu unapanda kupita kiasi. Yeye anaona giza, wao wanaunguliwa. Na mashine ya kusaga haioni chochote, kwa sababu mota yake haiutumii ule waya wa nne. Ndiyo maana Mzee Safari, aliyekuwa anasikia mashine yake ikinguruma vizuri kila siku, hakuweza kuamini kwamba ubaya unatoka kwake.

Siku ilipotokea ilikuwa Ijumaa mchana. Nilikuwa kwenye meza yangu, chini kidogo barabarani, nikaona watu wanakuja na vyombo mikononi kama wanahama. Sabufa nne, redio mbili, amplifaya moja ya mzee wa kwaya aliyeiweka sebuleni. Vyombo saba, vyote vya nyumba za Mzee Safari, vyote vimekufa kwa dakika moja. Nitakiri: nilifurahi. Sikuwahi kuwa na kazi saba kwa mara moja. Nilivipanga kwa urefu.

Vitatu nilivimaliza kufikia Jumapili. Varista mpya, fyuzi mpya, kwenye kimoja transfoma nzima. Nilitumia taa yangu ya mfululizo, nikasikiliza kila kimoja kwa saa nzima, nikavifuta vumbi mpaka kwenye matundu ya spika. Nikavirudisha. Jumatatu vikarudi vyote vitatu, vimekufa vilevile, fyuzi nyeusi kama mara ya kwanza.

Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Nilivifungua nikitafuta kosa langu, nikabadilisha hata vitu vizima. Mtaani watu wakaanza kusema fundi anaweka vipuri feki. Mwenye sabufa moja alikuja akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Fundi, hii ukiitengeneza tena itakufa siku gani, ili nijipange?" Watu waliokuwa pale walicheka. Mimi nilitabasamu.

Kisha lawama ikahama. Kwenye nyumba ya mwisho ya mstari ule alikuwa amepanga Elibariki, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kijana wa umri wangu, ana mke na mtoto mchanga, mashine yake ya kuchomelea ndiyo mali yake yote. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Ijumaa vyombo vilipokufa Elibariki alikuwa anachoma. Mwingine akakumbuka kwamba hata Jumatatu alikuwa anachoma. Ikawa imekwisha. Mzee Safari akamwita, akamwambia, "Mashine yako inasukuma umeme kwa wenzako. Sina ugomvi na wewe, lakini Jumamosi uwe umenipisha."

Elibariki alijibu, "Mzee, mashine yangu inavuta umeme. Haijui kusukuma." Hakuna aliyemsikiliza. Alikuja hata kwangu, akaniambia, "Wewe unajua mambo haya. Waambie." Nikamwambia sina uhakika. Hilo lilikuwa kweli, lakini nalikumbuka kwa aibu kuliko uongo, kwa sababu sikutafuta huo uhakika. Nilikuwa nimepumua. Jina langu lilikuwa limetoka midomoni mwa watu, la kwake likaingia, na mimi nikaona hilo ni nafuu.

Siku ya Alhamisi niliivunja taa yangu ya mfululizo kwa kiwiko, na hiyo ndiyo bahati kubwa ya maisha yangu. Nilikwenda kwa Mama Paulina kuomba nyingine. Yeye anakaa kwenye nyumba ya pili ya mstari uleule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja kupiga simu kwa miguu? Redio yangu ilishakufa, haiwezi kukujibu."

"Nimekuja kuomba taa, mama. Ya vifaranga."

"Ninayo moja tu ya akiba. Nyingine ilipasuka Ijumaa, ile saa tuliyounguliwa. Na hii niliyoiwasha ina vituko. Subiri uone."

Akanipeleka kwenye kibanda cha vifaranga. Walikuwa wamejikusanya chini ya taa kama kawaida yao. Tukasikia kule mwisho Elibariki anaanza kuchoma. Ile taa, iliyokuwa ya manjano, ikawa nyeupe kama maziwa. Vifaranga wote wakakimbia pembeni, wakabanana ukutani. Elibariki akaacha, taa ikarudi manjano, wakarudi. Akaanza tena, wakakimbia tena.

"Siku nzima wanafanya mazoezi," Mama Paulina akasema. "Elibariki akichoma, hawa wanaona jua limewashukia. Na Daudi kinyozi naye analalamika kinyume. Elibariki akichoma, mashine yake ya kunyolea inakata tamaa katikati ya kichwa cha mtu. Juzi mwalimu mmoja ametoka pale nusu kipara. Sasa wewe uliyesoma hayo mambo, umeme gani huo wa kumzidishia huyu na kumnyima yule?"

Nilikuwa nimekaa siku sita na vyombo saba, nimetazama kwa lenzi kila nukta ya risasi ya kulehemia, na sikuwa nimeingia kwenye nyumba hata moja. Nilitoa mita mfukoni, nikaitia kwenye soketi yake. Elibariki ametulia: mia mbili arobaini. Elibariki akichoma: mia tatu na kumi. Nikakimbia kwa Daudi, nikamsalimia nikiwa tayari nimechomeka mita. Elibariki akichoma, kwa Daudi ni mia moja na arobaini. Yeye na Elibariki walikuwa kwenye waya mmoja.

Daudi akauliza, "Ni mashine yangu?"

"Mashine yako ni nzima."

"Mwambie mwalimu."

Elibariki alikuwa amesema kweli. Mashine yake ilivuta tu, kama mashine yoyote. Kilichokuwa kimelegea ni waya wa kurudia. Nikamwomba mwendesha mashine wa Mzee Safari azime umeme wote, nikachukua ngazi, nikapanda kwenye dari kufuata waya huo unakogawanyika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nilikuwa tayari nawaza maneno nitakayowaambia watu. Kisha tochi ya simu ikaangukia tepu nyeusi, nene, mizunguko saba, na mwisho wake fundo dogo la uzi mweupe, ambao sasa ulikuwa wa kahawia kwa moto.

Hakuna mtu mwingine Dongobesh nzima anayefunga waya wa umeme kwa uzi wa cherehani.

Nilikaa kwenye boriti, pumba za mahindi zikiniingia puani. Niligusa tepu, ikavunjika kama ganda la yai. Ndani yake shaba ilikuwa nyeusi, imelegea kiasi kwamba nilipoisukuma kwa kalamu ilicheza. Miaka saba ilikuwa inapata moto na kupoa, inapanuka na kusinyaa, mpaka siku ile ya Ijumaa ikaachia.

Nawaambia kilichonipitia kichwani, kwa sababu kitawapitia na nyinyi. Niliona ninaweza kuukata ule uzi, nikautia mfukoni. Ninaweza kuunga upya, nikashuka, nikasema nimepata tatizo. Ningekuwa shujaa kufikia jioni. Elibariki? Labda Mzee angembakiza, labda asingembakiza. Alishasema mbele ya watu, na mzee akishasema mbele ya watu anahitaji sababu kubwa ya kurudi nyuma. Sababu hiyo nilikuwa nayo mkononi, na ilikuwa na fundo langu.

Nikaacha uzi palepale. Nikashuka, nikamwambia yule mwendesha mashine asiwashe.

Mzee Safari alikuwa amekaa nje juu ya gunia. Elibariki alikuwa amekuja na mkokoteni, anapakia fremu za mageti, siku mbili kabla, kwa sababu hakutaka kungoja mpaka aambiwe tena. Mama Paulina alikuwa amenifuata, na Daudi ameacha mteja kwenye kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenizimia mashine, watu wana mahindi hapa."

"Mzee, kilichounguza vyombo si mashine ya Elibariki. Ni waya wa kurudia, kwenye dari lako. Umelegea. Na aliyeuunga ni mimi."

Elibariki alisimama na fremu begani.

"Wewe?" Mzee akasema. "Lini?"

"Miaka saba iliyopita. Uliniita nikipita. Sikuwa naijua kazi ile, na sikukuambia. Kuna uzi mweupe pale juu. Ni wangu."

Mzee aliinua macho kuelekea paa la mashine. Kisha akauliza, "Siku ile nilikulipa nini?"

"Chai na chapati mbili."

"Chapati mbili," akasema, akitikisa kichwa. "Basi nilipata kazi ya chapati mbili. Hata mimi nina langu hapo." Akamgeukia Elibariki. "Mwanangu, nilikukosea. Shusha hivyo vyuma."

Elibariki alishusha fremu taratibu. Hakunikumbatia wala nini. Alisema tu, "Nilikuambia inavuta."

"Uliniambia," nikasema.

Mama Paulina alisogea mbele. "Vifaranga wangu walilijua hili tangu Ijumaa," akasema. "Mngewauliza."

Safari hii sikuunga mimi. Nilimpigia fundi wa umeme wa nyumba mwenye leseni, kutoka Mbulu mjini, akaja Ijumaa asubuhi na viunganishi vya kufunga kwa skrubu, nikamshikia ngazi. Alipoona ule uzi aliuliza nani huyu. Nikamwambia. Akasema fundo ni zuri sana, ni waya tu ndio haukuunganishwa. Uzi aliuweka kwenye boksi lake, nafikiri ili awaonyeshe wengine. Nilijifunza kwake zaidi saa zile mbili kuliko miaka yote ya kutazama simu: kwamba waya wa kurudia ndio wa kwanza kukazwa na wa mwisho kufunguliwa, na kwamba kiungo kizuri ni kile ambacho ukikivuta kwa nguvu zako zote hakikujali.

Kisha nikarudi kwenye meza yangu. Vyombo saba, bila malipo, na siku moja, kwa sababu nilitaka viwe vizima Jumamosi ileile. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikulehemu kitu mara mbili. Sikuwa na muda wa wasiwasi. Niligundua kwamba mikono yangu ilikuwa inajua kazi siku zote. Kilichokuwa kinaipinga ni kichwa. Mama Paulina alinipa ile taa ya akiba, nikapitisha kila chombo juu yake: inamulika, inafifia. Inamulika, inafifia. Ile amplifaya ya mzee wa kwaya ilikuwa ya mwisho, transista nne mpya, na taa ilipofifia nilijikuta nimesimama.

Jumamosi mchana, siku ambayo Elibariki alitakiwa kuwa ameondoka, tulivitoa vyombo vyote saba nje, kila kimoja kimechomekwa nyumbani kwa mwenyewe, waya zikipita madirishani. Sikuwaambia watu waje, walikuja. Nikavifungulia kimoja kimoja mpaka vyote vikawa vinalia, kila kimoja stesheni yake: huku mahubiri, huku mpira, huku kwaya, huku matangazo ya mbegu. Hakuna aliyesikia chochote na kila mtu alifurahi. Taa ya vifaranga tuliifungia kwenye nguzo ya kibanda ili ionekane.

Mzee Safari akanyoosha fimbo yake kuelekea mwisho wa mstari. "Elibariki," akasema. "Choma."

Elibariki akavaa miwani yake, akainama kwenye geti, akachoma. Cheche zikaruka. Mimi sikutazama cheche, nilitazama taa. Ilibaki ya manjano. Mita kwenye soketi ya Mama Paulina ilisema mia mbili thelathini na moja, ikapepesa mia mbili thelathini, ikatulia. Mashine ya kusaga ikaunguruma. Daudi akatoka mlangoni na mteja nusu amenyolewa, akainua mashine yake juu ili tuisikie. Elibariki alichoma geti lile mpaka likaisha, na vyombo saba vikalia mpaka likaisha, na baada ya hapo watu wakaanza kupigishana kelele ni stesheni ya nani iachwe.

Mama Paulina alichungulia kibandani. "Wamelala," akasema.

Sikumpigia mtu simu kesho yake.

Tangu siku ile nilianza kwenda na mita nyumbani kwa kila mteja kabla ya kupokea chombo chake, na kila mwaka kazi yangu ikahamia ukutani zaidi, mezani kidogo. Nilikwenda chuo nikiwa mkubwa kuliko wenzangu darasani, nikafanya mtihani, nikapata leseni ya umeme wa nyumba. Ndiyo sababu nimefunga meza ya redio. Geti la duka langu jipya la vifaa vya umeme amelichomea Elibariki, ambaye bado amepanga kwa Mzee Safari, nyumba ileile ya mwisho.

Zamani nilikuwa natengeneza redio na kuirudisha kwenye nyumba iliyoiua. Sasa napima nyumba kwanza, nakaza waya wa kurudia kwa skrubu na kuuvuta kwa nguvu zangu zote, na nikiwa sijui kazi, nasema sijui kabla sijapanda ngazi.